Chumba Kisicho na Asubuhi

Katika chumba kile hakuna aliyeruhusiwa kutaja asubuhi, mchana wala jioni. Muuguzi aliweka sinia mezani na kusema "Salama?" basi, maana salamu nyingine zote hubeba saa ndani yake: umeamkaje, umeshindaje, za jioni. Sheria hiyo ilitungwa na mtafiti mwenyewe. Alitaka kujua mwili unafanya nini ukinyimwa jua na saa, na kumbukumbu huharibika vipi usingizi unapovurugika.

Alikuwa na sababu yake. Kaka yake wa tumbo moja alikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizo na mwenyewe. Kwanza kaka aliacha kulala. Kisha akaanza kuitwa. Sasa alikuwa anatumia dawa, anafanya useremala, na wiki iliyofuata angeingia chumbani humo awe mtu wa kwanza kuchunguzwa. Mtafiti alisema hatamlaza kaka yake mahali ambapo yeye hajalala. Ndiyo maana akaingia.

Kulikuwa na kitanda, meza, choo, taa isiyozimika na kengele ya kumwita muuguzi. Kuta zilifunikwa sponji nene. Kila alipoamka alisoma jozi za maneno kwenye kompyuta, akajaribu kuzikumbuka. Mwanzoni alizipata zote.

"Nywele hizo, Daktari," muuguzi alimwambia, "kuku angetaga humo."

"Mwache atage, dada. Nimechoka na mkate."

Wakacheka. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Safari iliyofuata mtafiti aliamka akiwa na uhakika kwamba kumekucha. Akanawa uso, akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa kumwamsha salama. Mlango ukafunguka. Muuguzi aliingia amechoka, macho mekundu.

"Umeshindaje, Daktari?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Aliweka sinia, akatoka upesi.

Umeshindaje. Basi jua lilikuwa linaelekea kushuka. Ule usiku aliodhani ameulala haukuwa usiku; alikuwa amesinzia kidogo tu. Na kabla ya hapo, alikaa macho muda gani? Akajaribu kukumbuka maneno ya kwenye kompyuta. Kiti kilikwenda na nini? Hakupata. Hakukumbuka hata kama alikuwa ameyasoma.

"Kijiti."

Aligeuka. Ukuta.

Kijiti lilikuwa jina alilopewa na kaka yake utotoni kwa ajili ya miguu yake myembamba. Hakuna mwingine aliyelitumia.

"Kijiti," sauti ya kaka ikarudia, karibu na sikio.

Alijua kwamba hata mtu mwenye afya, akikosa usingizi sana, anaweza kusikia sauti. Alikuwa amewafundisha wanafunzi jambo hilo. Alijua pia kwamba ugonjwa wa kaka hupenda kutembea ndani ya familia. Na kaka alikuwa ameahidi kupita kutengeneza mlango wa nje wa jengo hilo. Labda ni yeye kweli.

Kujua kulikuwa rahisi: abonyeze kengele aulize. Lakini kama kaka hakuita, je? Akaikazia macho kengele. Angeweza kunyamaza, atoke siku yake ikifika, asimwambie mtu. Na wiki ijayo kaka angeingia humu, alale kitanda hiki hiki.

Akabonyeza.

Muuguzi aliposikia swali lake alimshika mkono, akamtoa hadi kwenye ukumbi. Mwanga wa alasiri ulimchoma macho. Kaka alikuwa kwenye benchi, boksi la vifaa miguuni.

"Kaka, uliniita?"

Tangu ujana wao mtafiti ndiye aliyeulizwa. "Kijiti, umesikia?" kaka alikuwa akimwuliza, naye alijibu kweli, kwa sababu walikubaliana wasidanganyane katika hilo kamwe.

Kaka alimtazama machoni. Angeweza kudanganya.

"Sijakuita. Nimefika sasa hivi, hata boksi sijalifungua."

Mtafiti akaketi kando yake.

"Ilisema nini?" kaka akauliza.

"Jina tu. Kwa sauti yako."

"Mshamba huyo. Angeazima sauti nzuri zaidi." Lakini midomo yake haikucheka.

"Hutaingia humo, kaka."

"Siingii. Na wewe hurudi."

"Ni usingizi tu, sivyo? Nikilala itaondoka."

Kaka alipapasa mpini wa boksi.

"Hata mimi mama aliniambia hivyo," alisema.

Akampeleka nyumbani. Alimtandikia kitanda, akaacha pazia wazi ili aone giza likiingia lenyewe, akaweka kiti mlangoni na kukaa. Mtafiti alifumba macho, akaomba. Hakuomba uponyaji wala maarifa. Aliomba ukimya tu. Maombi yakaisha, naye akayarudia tangu mwanzo. Aliogopa kusema amina, kwa sababu baada ya amina ingebidi asikilize.