Meja Haitiwi Mashahidi

Nyumba ya jirani ilipoanguka, vumbi liliingia hadi kwenye sufuria ya maharage ya Rosalia. Hakuyamwaga. Aliyaosha, akayarudisha motoni, kisha akakaa mlangoni kumtazama mumewe.

Kasiani alikuwa amesimama uani tangu asubuhi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Stafu Sajenti mstaafu, mtu wa Newala. Ndoa yao yote waliishi kota za jeshi, dari linavuja, choo cha kugombania. Alipostaafu akaambiwa aiache kota, wengine wanaisubiri. Kiinua mgongo chote akakizika kwenye nyumba hii ya vyumba viwili, huku Pugu, aliyouziwa na mkubwa wake wa zamani, Meja Ansbert. Nyumba yao ya kwanza. Rosalia alipanda mchaichai ukutani kabla hata hawajashusha kitanda.

Siku ya kununua walikwaruzana kidogo.

"Tumwite mjumbe na majirani washuhudie," Rosalia alisema.

"Nimwitie Meja mashahidi? Mke wangu, unataka nimwambie afande simwamini?"

Meja akatoa funguo, Kasiani akapiga saluti. Mauzo yakaishia hapo, bila karatasi wala shahidi. Jeshi lilimfundisha kuvuka mto na bunduki kichwani. Kumuuliza mkubwa swali halikumfundisha.

Sasa barabara mpya inapita hapo. Wapimaji walipokuja waliiandika nyumba kwa jina lililozoeleka mtaani, la Meja. Editha, mtendaji wa mtaa, alimwambia Kasiani bila kuzunguka: aliyekuuzia aje atamke mbele yangu, fidia iwe yako. Asipotamka, baba, sina namna.

Leo ndiyo siku ya mwisho, na tingatinga limeshafika kwa jirani. Meja aliahidi kuja, na akaja kweli, gari jeupe, vioo vimepandishwa. Alishuka taratibu katika suti yake ya Kaunda, akaitazama nyumba kama mtu anavyomtazama mbuzi ambaye nyama yake ameshaila.

"Shikamoo, mzee," Editha alisema. "Huyu bwana anasema ulimuuzia hapa."

"Marahaba, mama. Poleni na vumbi." Meja akacheka kidogo, bila ubaya wowote. "Kasiani ni kijana wangu. Katoka kota hana pa kujistiri, nikamwonea huruma, nikamwambia akae anilindie eneo."

Rosalia akasimama. "Baba, Mungu unamwogopa kweli wewe?"

"Mama, tulia. Hapa wanaongea wanajeshi."

Kisha akamgeukia Kasiani, na sauti ikabadilika. Ilikuwa sauti ya uwanja wa gwaride.

"Stafu Sajenti Kasiani."

Visigino vikagongana. Kidevu kikapanda.

"Nilikuweka hapa ulinde. Sivyo?"

"Ndiyo, afande."

Lilitoka lenyewe. Kasiani alilisikia kama limesemwa na mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Akafungua mdomo alirudishe.

"Afande, mimi..."

"Umejibu vizuri. Inatosha."

Editha hakuondoka. Alimsogelea Kasiani, akamtazama usoni, akasema kama anayemnong'oneza mgonjwa. "Baba, pengine sikusikia vizuri. Rudia. Ulinunua, hukununua?"

Meja alikohoa tu. Midomo ya Kasiani ilicheza. Jasho lilimchuruzika shavuni, likapita, likadondoka kwenye kola iliyonyooka. 

"Haya, mzee," Editha akamwambia Meja, akitazama chini. "Karibu ofisini."

Gari likageuka, likaondoka na Meja na Editha.

Rosalia hakumtukana mumewe. Ingekuwa heri angemtukana.

"Mie nilikuwa nangoja neno moja tu, Kasiani. Vitani ulikwenda, unatusimuliaga mwenyewe. Huyu hakuwa hata na fimbo."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tingatinga lilimaliza kwa jirani, likasogea mpaka kwenye mchaichai. Dereva, kijana aliyejifunga kitambaa puani, akapunguza moto wa injini, akachungulia chini. Alikuwa na adabu zake.

"Shikamoo, mzee mlinzi. Kuna mtu humo ndani?"

Nyuma ya mlango kitanda kilisikika kikiburutwa, kikagonga mbao za mlango, kikatulia.

"Mzee, nakuuliza wewe. Kuna mtu?"

Kasiani alikuwa bado amenyoosha mikono mapajani, kidevu juu, kama anayengoja amri.