Balozi wa Mapafu Safi

Edimu hakuwahi kuvuta sigara maishani, na jambo hilo alilitangaza mara nyingi kuliko salamu. Mjomba wake Okedi akiwasha yake uani pao Tororo, Edimu aliziba pua. "Mjomba, unajiua polepole," alisema. Kisha alizunguka nyuma ya nyumba, akachomoa mfukoni sigara yake ya umeme, ile ambayo vijana huiita vepu, akavuta mvuke wenye harufu ya stroberi mpaka macho yakamlegea.

Aliinunua Busia, upande wa Kenya, kwenye kibanda kinachouza pia kava za simu. Kwa kuwa Uganda imeipiga marufuku, aliivusha mpakani ikiwa ndani ya soksi. Muuzaji alimwambia ni maji na manukato tu. Edimu akasadiki, maana mtu husadiki upesi kile anachokitamani.

Kwa usafi wake huo, vijana wenzake wa kanisani walimteua Balozi wa Mapafu Safi. Wakamchapia fulana yenye mapafu mawili ya rangi ya waridi. Haukupita muda, Mwalimu Agwang wa sekondari moja kule Paya akamwalika azungumze na wanafunzi.

Siku hiyo kifua kilimbana, kama kilivyombana wiki nyingi. Kwenye ngazi za ukumbi alisimama katikati, akajifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Akaingia chooni, akavuta, akatulia, akairudisha vepu mfukoni mwa koti.

Alizungumza vizuri sana. Alieleza jinsi nikotini inavyouteka ubongo wa kijana ambao bado unakua. Alipofika kwenye mapafu, vepu ikaharibika, ikajiwasha yenyewe. Mvuke mweupe ukatoka mfukoni, ukapanda taratibu mbele ya mapafu ya waridi, ukamfunika kidevu. Harufu ya stroberi ikafika mpaka safu ya mwisho.

"Balozi," Mwalimu Agwang akasema kwa adabu, "unafuka."

Edimu alitaka kujibu, akakohoa. Akakohoa mpaka akashika meza, na kifuani akasikia mlio kama wa filimbi iliyoziba. Hapo akaogopa kwelikweli. Mwalimu akamkalisha, akamnywesha maji.

"Ni mvuke tu, Mwalimu," akasema alipopata pumzi.

"Mvuke wa chai haufichwi mfukoni, mwanangu."

Msichana mmoja, Damalie, akanyoosha mkono. "Balozi, hiyo kitu inauzwa wapi?"

Wanafunzi wote wakainua vichwa. Katika hotuba nzima, hakuna neno walilolisubiri kwa hamu kama jibu hilo. Edimu akawatazama, aibu ikamchoma.

"Sitasema," akajibu. "Nitasema hivi. Nilianza kwa sababu inanukia. Sasa nisipovuta asubuhi, namfokea mama yangu bila sababu. Na ngazi zenu hizo zimenishinda."

Akamkabidhi mwalimu vepu, akaenda moja kwa moja zahanati, ambako muuguzi alimsikiliza kifua na kumwambia aache kabla hakijazoea kulia.

Kuacha hakukuwa rahisi. Alilala vibaya, akagombana hata na kuku, na safari moja alivuka tena mpaka na kurudi na vepu nyingine, ambayo aliitupa baada ya siku mbili za kujichukia.

Wenzake hawakumvua ubalozi, kwa kuwa fulana ilikwisha kuchapwa. Shule nyingine zikaanza kumwomba: "Tuletee yule aliyefuka." Anakwenda. Hotuba zake sasa ni fupi, kwa sababu pumzi bado haijarudi yote.