Mwiba wa Njia Nyeusi

Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi Najla akaja kwenye kibanda chetu cha chai akiwa na matope hadi magotini. Alisalimia kwanza, akaniuliza habari za mguu wangu, ndipo akasema lililomleta.

"Mama Nasteha, njia nyeusi imebomoka. Ukingo wa korongo, pale tunapotua, umeanguka wote. Tumeifunga. Nasteha akija, mwambie afuate buluu."

"Nitamwambia," akasema Ubah, mke wa mwanangu na mama yake Nasteha, huku akipuliza moto.

Najla ni binti wa kijiji cha Wenje, mtoto wa wakulima wa mtoni. Yeye na wenzake ndio waliochonga njia tatu za baiskeli kwenye vilima vya udongo mwekundu nyuma ya kijiji, mahali ambapo zamani walipita mbuzi tu. Zote zinaanzia juu, penye mgunga mkubwa, na zote zinaishia huku chini karibu na kibanda chetu. Wamefunga vitambaa mitini ili mtu asipotee. Njia ya kijani ni ya wanaoanza. Hata mtoto anayeyumbayumba huteremka nayo akicheka. Ya buluu ina kona na mawe, inamtaka mtu aliyekwisha kuzizoea breki zake. Nyeusi ni ya mabingwa. Inazunguka nyuma ya kilima, ndefu kuliko nyingine, kisha inashuka kwa kasi mpaka korongoni, na mpandaji huruka na baiskeli yake hadi ng'ambo. Mimi hufumba macho.

Kila Jumamosi vijana huja kutoka Garsen na Tarasaa, na sisi tunawauzia chai ya maziwa. Mjukuu wangu Nasteha alianza kwa kutuoshea vikombe. Siku moja Najla alimwona akiitazama baiskeli yake, akamwambia, "Panda." Tangu hapo amempa baiskeli yenye matairi manene ajifunzie, na kofia ngumu yake mwenyewe. Nilimwona kwa macho yangu akilegeza mkanda wa kofia ile kidogo kidogo, mpaka ikakaa vizuri juu ya mtandio wa mtoto.

Asubuhi ile ya matope Nasteha alichelewa. Ndama alikuwa amekwama matopeni, hakuweza kumwacha. Alifika akihema.

"Mama, Najla amesemaje? Leo nishuke wapi?"

Ubah alimjibu kwa lugha yetu ya Kiorma, bila kuinua macho kwenye sufuria. "Amesema ufuate guracha."

Nasteha akasimama. Macho yakamng'aa. "Kweli? Amesema hivyo mwenyewe?"

"Kwani mimi naongopa? Nenda, wenzako wameshapanda."

Akanibusu mkono, akaanza kuisukuma baiskeli kilimani. Neno lile nami nililisikia, nikaliona sawa.

Vijana wakaanza kuteremka, wa kijani kwanza, halafu wa buluu, nguo zote zimerukiwa tope jekundu. Mwisho akashuka kwa miguu Mahmud, mwenzake Najla, ambaye kazi yake ni kusimama juu njia zinapogawanyika. Alikuwa amebeba baiskeli ya mtoto iliyopasuka tairi, na mtoto mwenyewe amemshika shati.

"Bibi, lini nitakupandisha?" akaniuliza. "Nitakuanzishia kijani."

"Mimi niliiva zamani, mwanangu. Wewe ndiye mbichi."

Wakacheka. Nikampa chai, naye akampa yule mtoto kwanza. Najla hakucheka. Alikuwa akitazama kilimani, mkono juu ya macho.

"Nasteha yuko wapi?"

"Si ameshashuka?" akasema Mahmud.

"Hajashuka. Mahmud, nani yuko pale juu sasa?"

"Hakuna mtu. Huyu mtoto alikuwa analia nyuma ya mgunga nikamfuata, ningefanyaje? Lakini usihofu. Mwiba wa njia nyeusi uko pale pale. Nimeupita sasa hivi. Hakuna aliyeugusa."

"Mwiba gani?" nikauliza.

"Tawi la mgunga, Bibi. Nimeliburuta nikazibia njia."

Ninyi watu wa mashamba mkiona mwiba njiani mnajua mmekatazwa kupita. Sisi tuna ng'ombe. Mlango wa boma letu ni tawi la miba. Unalivuta, unapita, unalirudisha, mifugo isitoke. Mtoto wetu hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga nguo yake.

"Mahmud, ulipoliweka, shina lilielekea wapi?"

"Shina?"

"Pale unaposhika ili usichomwe."

Akafikiri. "Kwangu. Upande wa nje. Nililivuta nikaliacha hapo."

"Na sasa hivi ulipopita?"

Akaweka kikombe chini. "Nimeona miba tu, Bibi. Miba ilinitazama mimi. Shina lilikuwa ndani."

"Basi mtu ameingia, akafunga nyuma yake."

Najla akamgeukia Ubah. "Mama Nasteha, ulimwambia buluu?"

"Nilimwambia, wallahi! Nilimwambia guracha."

"Guracha si nyeusi?" akasema Mahmud, maana anajua Kiorma cha sokoni.

Ubah akanitazama, nami nikamtazama. Ng'ombe mweusi kwetu ni guracha. Lakini mbingu nayo sisi wakubwa twaiita guracha, na kitambaa kile cha buluu ni rangi ya mbingu. Watoto waliosoma hawasemi hivyo. Wao mbingu ni buluu, kama ilivyoandikwa kwenye vitabu vyao, na guracha ni nyeusi basi.

"Mwanangu," akasema Ubah. Sufuria ikapinduka, maziwa yakamwagika motoni, hakuna aliyeinama.

Najla alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea korongoni. Mahmud akanishika mkono, maana mguu wangu haukimbii, akawa nusu ananibeba. Ubah alitupita, leso imemwanguka.

Tulipofika ukingoni nikaona kile Najla alichokiona alfajiri. Upande wetu, pale baiskeli zinapotua, palikuwa pameliwa. Ukuta wa udongo ulisimama wima, na chini, mbali, palikuwa na mawe na maji mekundu. Na ng'ambo, juu ya mteremko, kati ya vichaka, nikaona mtandio wa manjano wa Nasteha. Alikuwa amepumzika kwenye kona ya mwisho, mguu mmoja chini. Alipotuona tumejipanga ukingoni akainua mkono.

"Simama!" akapiga kelele Najla. "Nasteha! Simama!"

Upepo ulitoka kwake kuja kwetu. Sauti ya Najla ilivunjika vipande. Nasteha alisikia jina lake tu, akadhani tunamshangilia. Akainua mguu, akaweka kwenye pedali.

"Nasteha! Nasteha!" Ubah akaita, akipunga mikono yote miwili, na mtoto akapunga naye, akaanza kushuka.

"Msimwite jina!" nikasema. "Nyamazeni!"

Ng'ombe wenye kiu wakinusa mto hukimbia bila kutazama, na ukingo wa Tana hubomoka. Mchungaji husimama mbele yao akawaita mwito mmoja, unaotoka tumboni, mzito, usio na maneno. Nasteha alitembea nyuma ya ndama wangu tangu akiwa na meno ya maziwa. Kila nilipoita mwito ule ndama walisimama, na yeye alisimama nao, kidole mdomoni, maana hakuwa anajua kwamba haumhusu.

Nikavuta pumzi. Mguu ukaniuma. Nikaita.

"Oooo-ho! Oooo-ho!"

Baiskeli ilikuwa inakuja, tope linaruka pande zote mbili. Aliinama kama walivyomfundisha, magoti yamekunjwa, tayari kuruka. Nikaita tena, na sauti yangu ya kizee ikapasuka katikati, nikadhani imekwisha. Ubah akaidaka. Hajawahi kuchunga na mimi, ni binti wa mjini Garsen, lakini miaka mingi amenisikia. Tukaita pamoja.

Nikaona kichwa cha mtoto kinainuka. Mikono ikakaza breki. Gurudumu la nyuma likateleza, likapita mbele, na mtoto na baiskeli wakalala ubavu wakiserereka kuelekea korongo. Kichaka kikamnasa yeye. Baiskeli haikunaswa. Ilipita ukingoni polepole kabisa, kama mtu anayefikiri, kisha tukaisikia ikilia jiwe kwa jiwe.

Ng'ambo, kitu cha manjano kikatikisika, kikaketi.

Kuzunguka hadi kule kulichukua muda. Nilipofika, Ubah alikuwa amemkumbatia, na Najla amevua skafu yake anafunga kiwiko kilichochubuka. Hakuwa ametazama chini korongoni hata mara moja.

"Baiskeli yako," akasema Nasteha, meno yanagongana.

"Baiskeli ni chuma," akasema Najla. "Nyoosha mkono."

Mtoto akaniona. Akajikaza ili asilie mbele yangu. "Akko," akaniambia, ndivyo tunavyomwita bibi, "nilirudisha mwiba. Sikuacha wazi."

Mahmud akageuka upande, akajipangusa uso kwa kiganja chenye tope. Mtoto aliyefunga mlango vizuri utamgombeza kwa lipi? Nikamwambia, "Umefanya vyema."

Ubah ndiye aliyelia. Alisema yeye ndiye aliyemtuma mwanawe shimoni. Najla akamshika bega. "Mama Nasteha, ujumbe wa hatari nilipaswa kumpa mwenyewe. Nilikubebesha wewe nikaenda zangu." Wakabishana hivyo, kila mmoja akivuta kosa kwake kama watu wanaogombania mzigo wa mgeni, mpaka Nasteha akawaambia anasikia baridi.

Jumamosi iliyofuata Mahmud na vijana wa Wenje walipanda kilima wakiwa wamebeba mtumbwi mbovu wa marehemu babu yake Najla, umetoboka chini. Wakaulaza mbele ya njia nyeusi. Watoto waliwafuata wakiwauliza kama mto umehamia juu.

"Cheka tu," Mahmud alimwambia Nasteha. "Mwiba kwenu ni mlango. Haya, na mtumbwi kilimani ni nini?"

"Ni wazimu."

"Ndiyo hivyo. Ukiona wazimu, rudi."

Nasteha alishuka buluu siku hiyo, kwa baiskeli ya kuazima, kiwiko bado kimefungwa. Kabla hajapanda, mama yake alimshika kidevu akalisema lile neno la shuleni, kwa shida, kama mtu anayeonja chakula kigeni.

"Buluu. Umesikia? Bu-luu."

"Nimesikia, mama."

"Sema ya mbingu."

"Ya mbingu."

Akaenda. Niliupoteza mtandio wake kwenye mawe, nikauona tena kwenye kona, nikaupoteza. Safari hii sikufumba macho. Ubah alisimama kando yangu na birika mkononi, chai inamwagikia vidole vyake, akiuita ule mwito wa ng'ombe taratibu, kwa kunong'ona, mpaka mtoto alipofika chini akafunga breki.