Kifuniko cha Sanduku la Mayai

Siku kumi na tisa Maman Emérence alililinda sanduku la kuangulia mayai, lenye taa ya kuyapasha joto, jikoni kwake mtaani Bagira kama mtu anayeuguza mgonjwa. Umeme ulipokatika na taa kuzimika, aliyazungushia mayai chupa za maji ya moto. Sahani ya maji ya kutia hewa unyevu haikukauka hata mara moja.

Siku ya ishirini vifaranga wakaanza kugonga maganda. Furaha ikampanda kichwani, akawaita akina mama wa shirika, jumuiya yao ya sala, waje kubariki. Nani alimtuma? Wakaja saba. Kila mmoja alifunua sanduku, akachungulia, akanyunyiza maji ya baraka, baridi, na nyimbo zikawa ndefu. Joto na mvuke vikaenda zao.

Kufikia mchana ngozi nyembamba ndani ya maganda ilikuwa imekauka, imewabana vifaranga kama gundi.

Jioni Maman Constance, kiongozi wa shirika, akarudi. "Batoto ya kuku bameshatoka?"

"Bado. Na hakuna mutu atafungua tena."

Mkono wa Maman Emérence ulikuwa juu ya kifuniko. Chini yake kifaranga mmoja tu aligonga, akagonga, kisha akanyamaza.