Kundi Lenye Rangi Mbili

Ukuta mzima ulikuwa mwekundu. Kila hoja iliyotolewa kikaoni karani aliiandika kwenye kompyuta, nayo ikamulikwa ukutani kwa projekta ndani ya kisanduku chake: chekundu kwa wanaotaka chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi kifungwe, kijani kwa wanaokitetea. Vya kijani vilikuwa haba kama mvi za kijana.

Fundi mkuu wa karakana, ambaye washonaji walimwita Mkasi kwa alivyozoea kuwakata watu kauli, alikwishasimama. Alisema hakuna haja ya kupoteza muda, wengi wape. Chumba kiwe stoo ya majora ya vitambaa.

Binti wa karani alikuwa mle chumbani saa ile ile, na hakuwa na ndugu wa kumwachia. Chumba kikifungwa, na kazi ndiyo basi.

"Mzee," alisema, "wewe hushoni nguo kutoka kwenye lundo. Mikono ya mashati unaifunga na mikono, kola na kola. Niache na mimi nizifunge hoja hizi."

Mkasi akaketi, shingo upande.

Karani akaanza kuviburuta visanduku. "Wanapiga kelele", "Hatusikilizani", "Kichwa kinaniuma": vyote kundi moja, Kelele. "Vidole vina mafuta" kikafuata "Shati jeupe limechafuliwa". Vicheko vikaanza, maana fundi wa vifungo peke yake alikuwa amelalamikia kelele kwa kila namna anayoijua. Wekundu ule karibu wote ukajikunja, ukawa makundi mawili. Ilipofika zamu ya kijani, mkono ukasita. Hoja yake mwenyewe ilikuwa pale na za akina mama wenzake, na zote zilisema neno moja: hatuna pa kuwaacha. Akazitia kundi moja kama zile nyingine, ingawa ilimuuma.

Vikabaki visanduku viwili visivyo na kwao. Chekundu cha mkataji wa vitambaa: "Majora yameziba mlango wa nyuma, hayana pa kukaa." Kijani cha mama mlezi: "Mlango wa nyuma ungefunguka, watoto wasingepita kwenye cherehani wakienda uani." Karani akavitazama, kisha akaviweka pamoja.

Mkataji akavisoma vyote viwili, akacheka.

"Kumbe mimi na mama tunagombana, na tunautaka mlango ule ule."

Akasema juu ya meza yake ya kukatia kuna ukuta mtupu, rafu ya majora itatosha hapo. Fundi wa vifungo akaongeza kwamba kelele nazo zitahamia uani, na vidole vyenye mafuta pia. Mkasi akauliza nani bado anataka chumba kifungwe. Hakuna aliyeinua mkono. Wa Mkasi mwenyewe ulianza safari, ukarudi mfukoni.

Majora yakaanza kuondolewa papo hapo. Mlango ulilia, ukakubali, na jua likaingia hadi chini ya cherehani. Binti wa karani alikuwa wa kwanza kufika kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja uani, akamnyooshea Mkasi mkono wenye mafuta ili amvushe. Mkasi, jora begani, akaanza kutafuta pa kulitua.