Bila Kujali Uzuri

Kazi yangu ni kuchapa barua za watu, na kosa la mchapaji halina pa kujificha. Hata hivyo, ni moja tu lililowahi kusomwa kwa sauti mbele ya waheshimiwa kumi na wawili.

Kaka yangu ni fundi cherehani. Tunamwita Futi, maana hata akilala futi yake ya kupimia nguo huwa shingoni. Alikutwa na msokoto mmoja wa bangi mfukoni, akapewa miaka kumi, sawasawa na jamaa aliyekamatwa na lori zima. Hakimu alisema hana la kufanya; sheria inataka miaka kumi "bila kujali uzito." Futi alikuwa amebakiza saba. Nikaapa maneno hayo matatu yatatoka kwenye sheria, hata kama ni kuyang'oa kwa meno.

Nilichapa ombi kwa bunge, nikazunguka mtaa mzima kukusanya saini. Bibi mmoja alisema atatia yake nikiongeza na suala la maji. Nikaongeza.

Sasa, kompyuta yangu inajifanya mwalimu: ukikosea herufi inakusahihishia bila kuuliza. Mbele ya kamati ya bunge, mwenyekiti akavaa miwani na kusoma ombi letu:

"Tunaomba mahakimu wapime uzuri wa kila mshtakiwa, kwani ni dhuluma kumfunga mtu bila kujali uzuri."

Katibu alilalia meza kwa kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini kando yangu mama, ambaye hakuwa amecheka kwa miaka mitatu, alikuwa amejishika mbavu. Akaniambukiza. Nikacheka mpaka machozi.

Mwenyekiti akajifuta macho. "Kwani huyo kaka yako ni mzuri?"

"Mzuri, mheshimiwa. Na msokoto wake ulikuwa mwepesi kuliko hiyo miwani yako."

Akaivua, akaiweka kiganjani, akawa kama anaipima. Kisha akauliza yule mwenye lori, aliyetajwa kwenye ombi, alipewa miaka mingapi. Nikamwambia, kumi. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Mwaka haukuisha, maneno matatu yakafutwa na mafaili yakafunguliwa upya. Msokoto wa Futi ukapanda mzani kwa mara ya kwanza: gramu moja na nusu. Akaambiwa kifungo alichokwisha kutumikia kimetosha na kupita.

Tulimsubiri getini tangu asubuhi, mama akicheka na kila askari aliyepita. Futi alitoka na shati lile lile alilokamatwa nalo. Lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

Futi akalishika ubavuni, akapima kwa vidole kitambaa kilichozidi.

"Miaka wamenipunguzia wao," akasema. "Shati hili nalipunguza mwenyewe. Leo leo."

Mama akafungua mkoba, akatoa futi, akamvisha shingoni.