Damu Inayotii

Mashine ilitia alama nyekundu kwenye damu ya fundi cherehani, na kabla sijaketi, daktari mpya alikuwa amekwisha kushuka ngazi kutoka wodini.

"Saratani imerudi," alisema. "Chembe changa zimejaa. Leo hii namwanzishia dawa kali."

"Nipe robo saa, daktari. Sijaitazama kwenye darubini."

"Mashine imeshasoma, mama."

"Mashine inahesabu. Kusoma nasoma mimi."

Nilijishangaa. Mwaka wangu wa tatu katika maabara hii niliona jambo kama hili, daktari bingwa mmoja akanitupia jicho tu, nami nikafyata ulimi. Mgonjwa alipewa dawa asizozihitaji, zikammaliza. Tangu hapo nimekuwa hodari wa kuona na mwoga wa kunena, na jambo hilo limenitafuna miaka kumi na sita.

Fundi huyu, nilivyosikia, alikuwa amebaki mifupa na ngozi baada ya matibabu ya kwanza. Dozi nyingine kali ingemwondoa, na mimi na daktari tulilijua hilo.

Nikaweka kioo chenye damu chini ya darubini, nikadondosha tone la mafuta ya kuongeza uangavu, nikainama. Chembe changa zilikuwapo kweli, daktari hakusema uongo. Lakini kando yake zilikuwapo zilizozizidi umri kidogo, na zilizozizidi hizo, mpaka zilizokomaa kabisa. Ilikuwa shule yenye madarasa yote. Saratani huwa na darasa la kwanza limefurika, na wanaopanda madarasa huhesabika kwa vidole.

Chembe ya damu haikui kwa kujiamulia. Huletewa amri na kichocheo cha ukuaji, ikaipokea, ikakua, na amri ikikoma nayo hutulia. Ile ya saratani hujiona inaamriwa hata pasipo na wa kuiamuru, ikazaana tu bila kukomaa. Siku hizi kichocheo hicho hutengenezwa, akachomwa nacho mgonjwa ambaye dawa zimemkausha damu, ili chembe zake ziinuke. Hizi zilizokuwa mbele yangu zilikuwa zinatii amri ya mtu.

"Amechomwa sindano za kichocheo?" niliuliza.

"Faili halisemi."

"Faili halikai naye nyumbani. Muulize mkewe."

Alisita. Cheo chake kilikuwa kikivutana na maneno yangu, nami safari hii sikutazama chini. Hatimaye akapanda ngazi. Nilibaki nimeshika ukingo wa meza, kwa sababu kama nimekosea, fundi angekosa dawa anayoihitaji.

Alirudi na kadi ya zahanati iliyokunjwa mara nne. Sindano tano, ya mwisho jana asubuhi. Mke alikuwa nayo mkobani siku zote, hakuna aliyemuuliza.

"Dawa kali tuiache kwanza," daktari alisema. "Tusimamishe sindano, tupime tena baada ya wiki." Akavuta pumzi. "Ningeua mtu leo."

"Ungekosea," nilimwambia. "Mimi nimewahi kunyamaza, mtu akafa."

Baada ya wiki nikainama tena. Chembe changa zilikuwa zimetoweka, zilizokomaa zimetulia kwenye idadi yake ya kawaida. Nilitazama mara tatu, si kwa shaka, ni kwa raha. Kifua kilinijaa fahari na sikujizuia. Majibu yetu hupandishwa wodini na mhudumu. Haya niliyapandisha mwenyewe. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kuuona uso wa mwenye damu.

Fundi alikuwa ameketi kitandani, anamkosoa mkewe kuhusu pindo la shati lake. Akalitazama koti langu.

"Wewe ni nani, dada?"

"Mimi ndiye ninayesoma damu yako."

Mkewe akaliweka shati chini taratibu. Fundi akajiinua, akaegemea mto, akaniangalia kama mtu anayejiandaa kupokea pigo.

"Haya," alisema. "Nisomee."

Nikavuta kiti, nikamsomea kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha mwisho.